Mgonjwa Gani Huyu Anakimbia?

Jirani yangu ana kanuni moja ya utabibu na hajawahi kuibadilisha: mtu akiweza kukimbiza mbuzi aliyeingia kwenye mnafu wake, mtu huyo haumwi. Bahati mbaya mimi nilimkimbiza mmoja, na mbuzi mwenyewe alikuwa wa kwake. Tangu siku hiyo kila nikisema naumwa anatabasamu, lile tabasamu la mtu mwenye ushahidi.

Kwetu huku migombani, upande wa Kibosho, hali za binadamu ni mbili tu. Kuna mzima na kuna hoi. Mzima analima, anapika msibani, anatoa mchango. Hoi amelala chini ya blanketi, watu wanamletea mtori na kumtazama kwa huruma huku wakikadiria. Katikati hapo hapajulikani, na mimi ndipo ninapoishi. Nikionekana barabarani na ndoo ya pumba, nimepona. Nikionekana kitandani saa nne asubuhi, nimezidiwa, na simu zinaanza kupigwa Dar es Salaam. Yote mawili yanaweza kutokea siku moja, hata kabla ya chakula cha mchana, na hapo ukoo unashindwa kabisa uamue nini.

Nina lupasi. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe: inashambulia maungio, ngozi, na kwa wengine figo, mapafu na hata moyo. Hauambukizi, nasema hivi kwa faida ya shemeji yangu aliyeacha kunywa chai kwangu. Wala hauponi, unatulizwa kwa dawa, unalala, halafu siku moja unaamka bila kubisha hodi. Katika kila wagonjwa kumi, tisa hivi ni wanawake. Baba watoto alipoambiwa hilo alisema, "Nilijua tu," na mpaka leo sijamuuliza alijua nini.

Maungio nayaweza. Kinachonishinda ni uchovu, na kinachonishinda zaidi ni kuueleza. Ukisema "nimechoka" mbele ya Mtanzania umefungua mashindano. "Umechoka wewe? Mimi nimeamka saa tisa usiku!" "Umechoka na watoto wako wanajiogesha?" Uchovu wao siukatai, ni wa halali, una sababu na ukiulalia unaondoka. Wangu nalala nao naamka nao. Kuna asubuhi mswaki wenyewe nauona mzito, naukalisha mapajani kwanza tuzoeane. Na asubuhi hiyohiyo ndiyo anayokuja mtu na unga wa mlonge. Sijui nani aliwaambia watu kwamba mlonge unatibu kila kitu, lakini nina mifuko yake ya kutosha kufungua duka. Anayekuja bila mlonge amebeba rozela, "ya kuongeza damu."

Kabla ugonjwa haujapata jina nilitibiwa ule utatu wa nchi hii: malaria, taifodi na UTI. Zahanati moja, ambayo jina lake nalihifadhi kwa kuwa bado nanunua panadol pale, iliniambia ninayo yote matatu kwa pamoja, na iliyaona yote kwenye tone moja la damu ya kidole. Nikamaliza dozi zote. Maungio yakabaki palepale, yamenivimbia. Ilibidi nifike kwa daktari bingwa, akaagiza kipimo cha kingamwili, akapima protini kwenye mkojo, akaniuliza kuhusu jua, nywele na vidonda vya mdomoni, ndipo akaandika neno ambalo mama mkwe alilisoma mara tatu na kuniuliza kama ni la Kizungu au ni la kichawi.

Dawa yangu kuu inaitwa haidroksiklorokwini. Watu wa umri wangu wanaosoma hapa wameshaanza kujikuna. Ndiyo, ni ndugu wa damu wa ile klorokwini ya malaria, ile chungu iliyokuwa inatuwasha mwili mzima mpaka tunajisugua mgongo kwenye pembe ya ukuta. Tanzania Bara iliiacha mwaka 2001 kwa sababu vimelea vya malaria vilishaizoea. Tukahamia dawa ya SP, na mwishoni mwa 2006 ikaanza kuingia dawa ya mseto. Mama mkwe, ambaye kumbukumbu yake ya matangazo ya serikali ni kali kuliko ya siku za kuzaliwa za wajukuu, alisoma kikopo akaketi.

"Mwanangu, wanakupa dawa iliyofutwa."

"Hapana, mama, kwenye ugonjwa wangu haiui mdudu. Inatuliza kinga."

"Sawa," akasema. Ni ile "sawa" ambayo maana yake ni kwamba Jumapili padre atapelekewa nia ya misa.

Kisha ikaja 2020. Korona ilipoingia, wakubwa wa dunia wakaisifia dawa hiyohiyo, na watu wazima wenye akili zao wakaikimbilia madukani. Majaribio yalipokuja kuonyesha kwamba haisaidii korona, wagonjwa wa lupasi nchi nyingi walishazunguka maduka ya dawa mpaka soli zimekwisha. Ndiyo mara pekee nimeumwa ugonjwa ambao dawa yake ilitakiwa na watu wasioumwa.

Halafu kuna prednisoloni, na hiyo nina kesi nayo. Inatuliza moto wa maungio haraka, siwezi kuikosea adabu. Lakini inakuamsha saa nane usiku na njaa ya mtu aliyetoka kulima heka mbili, na inakujaza mashavu mpaka uso unakuwa duara. Na huwezi kuikatisha ghafla ukichoka nayo, maana mwili unakuwa umeshasahau kutengeneza ya kwake; unaipunguza kidogo kidogo kwa amri ya daktari. Basi kipindi nilichokuwa naumwa kuliko vyote maishani mwangu, ndicho kipindi kijiji kizima kilinipongeza. "Umenawiri!" "Umependeza, siku hizi unatunzwa!" Baba watoto alizipokea pongezi hizo nje ya kanisa, moja baada ya nyingine, hakukanusha hata moja. Upele wa mashavuni ulipotokea, ule unaovuka pua toka shavu hadi shavu, wenzangu wa vikoba wakakubaliana bila kikao kwamba nimeanza mkorogo. Mmoja alinifuata pembeni aniulize nanunua wapi.

Marekani wana namna yao ya kueleza uchovu huu. Mwaka 2003 mwanamke mmoja mwenye lupasi, Christine Miserandino, aliandika jinsi alivyomweleza rafiki yake wakiwa mgahawani: alikusanya vijiko vya mezani, akampa, akamwambia kila kazi ya siku inakula kijiko. Kuoga kijiko, kuvaa kijiko, kupika kijiko, na vikiisha ndiyo imeisha. Habari ikaenea, leo wagonjwa wa nchi nyingi wanahesabu siku zao kwa vijiko. Ni hesabu nzuri sana kwa watu ambao vijiko vyao vinakaa kwenye droo. Vyangu viliazimwa msibani, vikarudi nusu, na katika nusu hiyo kuna vyenye alama ya rangi ya kucha ambayo sijawahi kuipaka. Siwezi kupima afya yangu kwa kitu ambacho sina uhakika kama ni changu.

Mimi nahesabu kwa umeme wa Luku. Naamka na yuniti zangu. Siku nyingine zimejaa, siku nyingine mita inaanza kulia kabla sijafika jikoni, na aliyezigawa hatoi maelezo. Kukamua kunakula yuniti. Kukata mgomba wa ng'ombe kunakula zaidi. Kuongea na mama mdogo kwenye simu kunakula sawa na pasi. Shida ni kwamba mlio wa mita nausikia mimi peke yangu. Wengine wanaona taa bado zinawaka, kwa hiyo wanachomeka na vya kwao. Na zikiisha saa kumi jioni, hakuna mtoto wa kumtuma dukani aniletee za elfu mbili.

"Sasa kwa nini unafuga?" Hilo swali nimeulizwa na daktari, na kaka zangu wa Dar, na dereva wa bodaboda ambaye hatujuani. Nafuga kwa sababu ng'ombe alikuwepo kabla ya ugonjwa. Baba watoto ni kitinda mimba, na kwa desturi ya Wachaga wa mwisho ndiye anayebaki na kihamba cha baba pamoja na mama mzazi, kwa hiyo mimi nilipoolewa nilikuta kila kitu kipo: migomba, kahawa, banda, na mama mkwe katikati yake akitoa maelekezo. Mtu hawezi kukiambia kihamba "subiri nipate nafuu." Na ada za shule zinatoka kwenye maziwa. Lakini nitasema na lingine ambalo sijamwambia daktari: ng'ombe haniulizi kama nimepona. Nimemwamini kuliko ndugu wengi.

Tunamwita Mheshimiwa, kwa kuwa anakula kwa wakati na kutoa anapojisikia. Mwezi wa saba, baridi ya mlimani ikishuka, ndipo ninapomkumbuka kila mtu aliyewahi kuniambia "wewe si unakaa tu nyumbani." Saa kumi na moja alfajiri vidole vyangu havina habari na mimi. Vimekaza, ngumi haifungi, na baridi ikivigusa vinapauka kuanzia ncha, kisha kucha zinaingia rangi ya samawati, halafu ganzi. Daktari ana jina la Kifaransa kwa jambo hilo, Raynaud, ila jina halijawahi kumkamua ng'ombe. Kwa hiyo nachemsha maji ya kuoshea kiwele, na kabla hayajafika kwenye kiwele naloweka mikono yangu kwanza kwenye beseni, mpaka kwenye viwiko. Mama mkwe anasimama mlangoni na kitenge chake, anayatazama maji yanavyopoa. Anaamini naiba kuni.

Kisha napaka mafuta ya kukamulia, naanza na kidole gumba na cha shahada tu. Chwi. Matone mawili ndani ya ndoo. Mheshimiwa anageuza shingo, masikio yamelala nyuma, ananiangalia kuhakikisha kama huyu ndiye aliyemzoea au ni mwanafunzi. Chwi. Ila kiwele ni cha moto, cha moto hasa, na ubavu wake ninaouegemea kwa paji la uso ni wa moto pia, unapanda na kushuka. Polepole cha tatu kinakubali, cha nne kinafuata, kiganja kinafunga na kufunguka, na ile chwi inakuwa shwaa, shwaa, povu linapanda ukingoni mwa ndoo. Hospitali wanacho chumba cha mazoezi ya viungo chenye mipira ya kubonyeza, na ni wema kweli wale vijana. Lakini mpira wao ukishaubonyeza haukupi maziwa ya chai.

Siku mita ikilia mapema, namlipa kijana akate majani na kuchanja mgomba, na hapo maziwa ya siku hiyo yanakuwa yameliwa na kijana. Mahesabu ya kufuga ukiwa mgonjwa nimeyapiga mara nyingi na yanakataa. Yanakataa pia kwa wafugaji wazima, wao tu hawaulizwi.

Kuku nao wana ratiba yao. Chanjo ya kideri ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, na kichupa kikishafunguliwa hakikusubiri upumzike. Tunawafuata usiku wakiwa wamelala kwenye fito, mtoto ameshika tochi, mimi nimeshika kuku, kuku ameshika nywele zangu. Unamgeuza kichwa, tone linaingia, unasubiri apepese jicho, unamrudisha. Jogoo huwa wa mwisho, kwa sababu anapiga. Wakati nafanya kazi hiyo huwa nawaonea wivu. Mimi pia macho yangu yana ratiba: haidroksiklorokwini ikinywewa miaka mingi inaweza kudhuru retina, kwa hiyo natakiwa nipimwe kila mwaka. Kuku wanafuatwa kitandani. Mimi napanda daladala, napanga foleni, nawekewa matone yanayopanua mboni, kisha narudi Kibosho sioni mtu vizuri, na jioni yake inasambaa habari kwamba nimeanza kuringa, sisalimii.

Bustani nimeipunguzia makuu. Mnafu na figiri vipo kwenye viroba karibu na mlango, napalilia nimekaa kwenye kigoda, na chini ya migomba natandaza majani makavu mpaka magugu yakate tamaa yenyewe. Wataalamu wa kilimo wanaita kutandaza. Jirani anaita uvivu.

Tuje kwenye kufuma, maana hapo ndipo ndugu zangu wanaponimaliza. Watu wana imani isiyotikisika kwamba mtu aliyekaa hana kazi. Ninafuma kwa kroshia tangu nikiwa msichana, vitambaa vya meza, vya makochi, kofia za watoto wa ubatizo, na nafanya hivyo hasa siku ambazo miguu imegoma. Basi mtu anakuja kuniona mgonjwa, anaketi, ananipa pole, anatazama mikono yangu, na kabla chai haijapoa ananiambia, "Kwa kuwa umepumzika, nifumie seti ya makochi." Seti! Kochi la watu watatu, la wawili, mawili ya mmoja mmoja, kitambaa cha meza ya kati, cha televisheni, na cha redio ambayo hawana tena. Rangi ya dhahabu, ya harusi, wiki tatu zijazo.

"Bei gani?" anauliza.

Namtajia.

"Shoga, si unafuma tu huku unaangalia tamthilia?"

Naomba niseme kitu kuhusu kufuma huku vidole vimevimba. Sindano ya kroshia ni nyembamba, na kitu chembamba ndicho adui wa kidole kilichovimba. Nimezungushia yangu ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, zungusha zungusha mpaka ukawa mnene unaojaa kiganjani, na mwonekano wake ni wa zana ya fundi bomba. Inafanya kazi. Tatizo linalobaki ni kichwa. Lupasi ina siku zake za ukungu, unaingia chumbani hujui umefuata nini, na kwenye kufuma ukungu huo unakuja katikati ya safu: cheni tatu, ruka mbili, nguzo moja, cheni tatu, ruka... ruka ngapi? Nahesabu tena. Anapita mtoto anauliza soksi ziko wapi. Nafumua. Kuna ua moja la kitambaa cha meza nimelifuma na kulifumua mpaka uzi umeota manyoya. Mteja alipoliona akalisifia, akadhani ni mtindo mpya.

Hata hivyo nitaendelea kufuma, na bei siishushi. Mtu anayelipia ukumbi, keki ya ghorofa na mshereheshaji wa kupiga kelele hashindwi kulipia makochi.

Na sasa kukimbia, ambako ndiko kulikoharibu jina langu.

Wazo halikuwa langu. Daktari aliniambia nitembee. Zamani mgonjwa wa maungio aliambiwa alale. Siku hizi hata mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa 2023 kuhusu uchovu wa magonjwa haya unahimiza mwili utumike, kwa kiasi na kwa kupanda taratibu. Nikaanza kutembea nguzo ya umeme hadi nguzo. Baadaye nikakimbia nguzo moja nikatembea mbili. Mpaka leo mbio zangu ni za namna hiyo, na siku mbaya nahesabu nguzo kwa macho kutoka dirishani, nazo naziandika.

Jua ni adui wa lupasi. Mionzi yake inaweza kuamsha upele, na kuamsha ugonjwa mzima. Kwa hiyo natoka alfajiri, na nikichelewa navaa mikono mirefu, kofia pana, na usoni napaka Kilisun, mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa hapahapa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mtu mzima, giza halijaisha, kofia kichwani, uso umeng'aa mafuta, anakimbia. Swali la kwanza barabarani ni "Nani amefariki?" La pili ni "Ameelekea wapi?", maana wanadhani nafukuza mwizi. Vijana wa bodaboda wanapunguza mwendo: "Mama, panda tu, utanilipa ukipata." Nikikataa wananifuata taratibu kwa huruma, taa inaniwakia mgongoni.

Na kuna shikamoo. Huko ughaibuni wanakimbia masikio yamezibwa, wanapishana na wazee hata kichwa hawatikisi. Jaribu hapa. Barabara yetu saa kumi na mbili kasoro imejaa wazee wanaokwenda misa ya asubuhi, na hakuna mwana mwema anayempita mzee mbio bila kumwamkia. Unasimama.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Ni nani vile?"

Unajieleza. Anamtaja baba mkwe wako marehemu, anamtaja na ndugu yake, anauliza kama kahawa ilistahimili ukame. Unapumua kwa mdomo, unajibu. Anakuaga. Nguzo mbili mbele, bibi. Nimesikia wanariadha wanalipia makocha wawapangie kukimbia na kupumzika kwa vipindi. Mimi kipindi changu kinapangwa na parokia.

Mwalimu mmoja mstaafu wa hapa ananitia moyo kila tukikutana, na kila mara kwa John Stephen Akhwari. Mwaka 1968, Mexico, Akhwari aliumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki, akaendelea hadi akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kuchukua dhahabu, watazamaji wengi wameshaondoka. "Kama Akhwari!" ananipungia mwalimu. Namheshimu sana mzee Akhwari, lakini nina neno: Akhwari alikuwa na bandeji. Dunia nzima ililiona goti. Ningekuwa na bandeji hata moja, hata ya kuazima, nusu ya matatizo yangu na kijiji hiki yangekwisha. Mwaka 2025 Alphonce Simbu alipoleta dhahabu ya marathoni ya dunia kutoka Tokyo, mwalimu alibadilisha mfano kwa mwezi mzima, akawa ananipigia kelele nimalize kwa kasi. Simbu alishinda kwa kupishana na Mjerumani mstarini, hata jicho halikuona nani katangulia. Mimi nilikuwa napishana na mama mwenye mzigo wa nyasi kichwani, na alinitangulia.

Sasa Kilimanjaro Marathon. Inakimbiwa Moshi tangu 2003, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na wanaume kwa wanawake wanatoka pembe zote za dunia kuja kupanda ule mlima wa kuelekea Mweka, wa nusu marathoni na wa marathoni nzima wote wanauonja. Mimi nilijiandikisha mbio za kilomita 5. Nilikimbia kidogo, nikatembea sana, nikanunua maji, nikamaliza. Mtu akanipiga picha na fulana ya mbio, picha ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kabla sijavua viatu. "Kumbe dada amepona! Bwana asifiwe!" Mikono ya kupiga makofi, mishumaa, maua. Siku zilizofuata nilikuwa chali, maungio yamewaka, mtoto ananilisha mtori, na hakuna hata mmoja aliyeona umuhimu wa kupiga picha.

Picha hiyo imekuwa kielelezo namba moja, na Desemba ndiyo mahakama. Kama hujui Wachaga, jua hili: Desemba wanarudi wote. Magari yanajipanga hadi kwenye kahawa, watoto wa mjini wanaogopa jogoo, na nyumba ya kitinda mimba inageuka hoteli isiyo na bei. Wanafika, wanamkuta Mheshimiwa amenona, kuku wamejaa, makochi yamevaa vitambaa vipya, na kwenye simu zao wana picha ya fulana. Mgonjwa yuko wapi hapo? Nakabidhiwa jiko. Ndizi za watu wengi, nyama, kisusio, vikombe visivyoisha kuoshwa. "Wewe mwenzetu una mazoezi," wifi ananiambia, amekaa.

Kisha siku ya pili ya Krismasi kinakuja kikao cha ukoo, na hapo naumwa ghafla. Baba mdogo ndiye anayefungua. Mwaka jana alianza kwa huruma nyingi: tumeona hali ya mwenzetu, ugonjwa huu si mchezo, ni vema tumpunguzie mzigo, kwa hiyo ng'ombe auzwe na ile fedha ipelekwe kwenye ujenzi wa kaburi la babu kwa marumaru. Nikainua mkono. "Wewe pumzika, mama, usijichoshe na haya." Wakati wa kuosha vyombo mimi ni mwanariadha, wakati wa kuamua ni mahututi. Mchango wenyewe wa kaburi haukuwa na kipengele cha mahututi. Nilipangiwa kiasi sawa na wenye magari.

Aliyeniokoa ni mama mkwe. Alikuwa amekaa pembeni na chai yake, akasema kwa Kichaga, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wajukuu wa mjini wasikie: ng'ombe ni wa huyu anayemkamua, na anayetaka kumuuza aje amkamue kwanza, mwezi wa saba, saa kumi na moja alfajiri, na maji ya moto asiguse. Kimya. Baba mdogo akahamia agenda inayofuata, ambayo ilikuwa uchaguzi wa mweka hazina. Kazi hiyo hakuna anayeitaka, maana ni ya kudai watu. Wifi akapendekeza apewe mtu "asiye na kazi nzito, anayekaa tu nyumbani." Wote wakanigeukia.

Nikakubali. Daftari ninalo, nimelifumia na jalada la kroshia, dhahabu iliyobaki kwenye seti ya harusi. Nimeandika majina ya wote na ahadi zao za kaburi, na kwa kuwa prednisoloni inaniamsha saa nane usiku, huo ndio muda ninaotuma ujumbe wa kukumbusha madeni. Baba mdogo amelalamika kwenye kundi kwamba simu inamwamsha na mwili wake siku hizi hauna nguvu. Nimemwandikia pole, nikamwambia nitamtumia mlonge.